Barua kwa binti yangu mpiga batri, zile ngoma za bendi

Mama, umeamkaje huko Nairobi. Huku Lubumbashi tuko salama, mvua imeanza, mama yako anakusalimia, anasema usiende kupiga na njaa, unajua vile anasemaka. Jana usiku nilisikiliza voisi yako mara tatu. Mwanzo nilifurahi sana, kisha pale mwisho moyo ukashituka, njo maana naandika, sababu kwa simu nitakasirika na wewe utanyamaza.

Ile ya kazi kwanza. Ijumaa hoteli, jumamosi ndoa, jumapili kanisa, katikati ya wiki studio kwa matangazo ya sabuni, na sasa wale wa jazi nao wamekuita. Unasema umechoka watu kukuuliza “lakini wewe ni wa bendi gani”. Usisikie haya hata kidogo. Mwenye kupiga na kila mtu lazima masikio yake yakae wazi kuliko ya wengine, leo unamsindikiza pasta, kesho mzee wa rumba, na kila mmoja anataka asikie kama umekulia kwake. Tony Allen, mpiga batri wa Lagos, alianza kupiga akiwa na miaka 18, akijifundisha mwenyewe huku anafanya kazi ya ufundi ku radio, akapiga highlife, akapiga jazi, njo kisha akakutana na Fela Kuti, yule wa afrobeat, na alipoachana naye aliendelea kutunga na kupiga na vijana wa kila aina mpaka mwaka alikufa kule Paris, 2020, na miaka 79. Hakuna mtu anamuulizaka bendi yake ni gani.

Sasa ile ya mwisho ya voisi. Huyu mtu wa studio anataka umletee melodi na mwendo wote wa batri, dola 150, kisha mumemalizana. Na wewe unasema “si ni ka kitu kadogo tu papa”.

Mama, unakumbuka mabidoni ya mafuta kule Katuba? Ulikuwa na miaka 6. Ulikuwa unatia maji kidogo mu bidoni moja, mingi mu ingine, ile ya tatu unaacha tupu, unagonga na vijiti vya mwembe, unamwaga kidogo, unagonga tena, mpaka zilie vile unataka. Mama yako alikufukuza sababu ya maji, maji ya kununua. Lakini miye nilisimama nyuma ya mlango, nikaona hakuna mtu amekuonyesha hiyo. Si ka kitu kadogo, tangu siku ile.

Kuna kavasha, ule mwendo wa batri wa mbio, ile unaweza kupiga ukilala. Anahesabiwa Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa, bendi ya Kinshasa, kuwa njo aliiweka ku batri mwanzo wa miaka ya 70, na wazee wanasimuliaka ilitoka ku mlio wa treni, ile ya Brazzaville kwenda Pointe-Noire. Miye naamini bila kubishana. Nimefanya kazi ya reli, nimelala ndani ya mabehewa, najua chuma inaongea nini pale gurudumu inapita ku kiungo cha reli, ta-ka-ta, ta-ka-ta, na ikianza kupanda inabadilisha sauti. Treni ilikuwa inapigia watu wote mule ndani, lakini mtu mmoja njo aliibeba mu mikono, na ikatembea mpaka huko Nairobi uko, mabendi za huko nazo zikaishi nayo.

Sasa nikuambie kitu sijakuambiaka. Mbele uzaliwe nilipiga tumba, ile ngoma ya mikono, mu orkestra moja ya Kamalondo. Siku moja mu repetisyo mpiga gita alipotea mwanzo wa wimbo, miye nikaanza na tumba peke, nikaimba melodi juu yake kwa mdomo, wote wakanifuata. Ikawa wimbo wenye watu walikuwa wanaomba kila jumamosi. Siku ya kurekodi nilikuwa zamu, treni ya Likasi. Waliporudi, mkubwa wa orkestra akaninunulia bia mbili, na ku kanda kuliandikwa jina yake tu. Nilipouliza akanijibu tumba haitungake wimbo. Nikacheka nao, nikakunywa. Nilipofika nyumba nilikaa mu jikoni bila kuwasha taa, mama yako njo alinikuta. Na miaka mingi kisha pale, wimbo ukilia mu taksi nilikuwa namuomba dereva azime redio, sisemi kwa nini.

Kwa kupiga, pokea zile dola, ni kazi ya mikono na imelipwa. Kutunga ni haki ingine, usikubali wazichanganye mu bahasha moja. Nimemuuliza jirani yetu mwanasheria, anasema huku Congo na huko Kenya ni sawasawa, haki ya mtunzi inadumu wakati yuko mzima na miaka 50 kisha kufa kwake, maana yake watoto wako pia. Na anasema huko muko na ofisi ya KECOBO, ile ya serikali ya hakimiliki, yenye kuandikisha kazi, enda pale MBELE ya kutuma faili. Na siku ile ile mukimaliza, chukueni karatasi, muandike nani ametunga nini na kwa asilimia ngapi, wote mutie sahihi, upige picha. Akikataa karatasi, mpigie ngoma zake, melodi uirudishe nyumba.

Na vizibo vya masikio uvae, tafazali. Batri inapita desibeli 100 ukigonga kwa nguvu, na sikio langu la kushoto unajua lilivyo.

Nakutumia kwa WhatsApp ukurasa wa kaye yangu ya zamani, lile daftari, ule wimbo uko pale, niliuandika na bik usiku ule ule mu jikoni. Mustari wa tatu maji yaliingia, sioni vizuri kama ni tu-ka-tu ao ka-tu-ka. Jaribu zote mbili ku batri, unitumie voisi, nitaijua nikiisikia.

Papa yako