Barua kwa mwanangu: kambi ya kiangazi hiki

Mwanangu mpenzi,

Umeninunia tangu Jumapili kwa ajili ya kambi ya roboti, na babako naye amekaa upande wako. Wiki hii zamu zangu zinatupishanisha mlangoni, ndiyo maana nakuandikia. Umeshatimiza miaka tisa, mama. Ukinyimwa kitu, uambiwe na sababu.

Kule Mombasa mambo ya kambi za watoto za likizo sisi hatukuyajua. Shule zikifungwa Agosti tulikuwa tunapelekwa kwa nyanya, basi. Hakuna fomu, hakuna arubuni. Ni madrasa, kuchota maji, na kuzurura mpaka adhana ya magharibi. Hapa Minneapolis, Marekani, shule zinafungwa Juni na hazifunguliwi mpaka Septemba, nyanya yuko ng'ambo ya bahari, na siwezi kukufungia ndani peke yako kutwa nzima. Tangu Januari, magari yakiwa bado yamefunikwa na theluji, wenzangu kazini walikuwa wakibishania kambi za Julai. Nafasi zinajaa mapema. Anayengoja joto lianze huambulia makombo.

Hiyo ya roboti nimeichunguza, usidhani nimeipuuza. Ni safi, ina kiyoyozi, kila mtoto ana kompyuta yake. Lakini inaanza saa tatu asubuhi na kwisha saa tisa alasiri, na mimi natoka kazini saa kumi na moja. Nikauliza, hayo masaa mawili watoto wanakaa na nani? Wakanijibu ipo huduma ya jioni, inalipiwa mbali. Ya asubuhi mapema nayo inalipiwa mbali. Nilipojumlisha, nikaona ile bei ya kwenye tangazo ilikuwa ya kunivutia mlangoni tu. Halafu, mtoto anayekodolea skrini macho mwaka mzima, nimlipie akaikodolee tena katika miezi hii michache ambayo jua la Minnesota linatukumbuka? Babako anasema huo ni ushamba. Mwache.

Ile yenye farasi uliipenda, nilikuona. Farasi hata mimi waliniteka. Ila nilipomuuliza yule kijana wa kambi hiyo kila msimamizi anaangalia watoto wangapi, alicheka akasema inategemea na siku. American Camp Association, chama kinachokagua kambi nchini humu, kinashauri kwamba kwenye kambi ya kutwa watoto wa miaka 9 hadi 14 wasizidi kumi kwa msimamizi mmoja. Wa miaka 6 hadi 8 wasizidi wanane. "Inategemea" nitalikubali kwa muuza samaki.

Basi nimekuandikisha ile ya ziwani. Nilikwenda kuiangalia siku ya wazazi, nikasimama kwenye gati dogo la mbao muda mrefu kuliko wazazi wengine. Siku ya kwanza kila mtoto anapimwa kuogelea, hata anayejisifu, kisha anavishwa bangili ya rangi. Rangi ndiyo inayosema utaishia wapi majini. Kila mmoja ana mwenzake wa kuingia naye. Firimbi ikipigwa, mnashikana mikono na kuinyanyua juu, mnahesabiwa wawili wawili. Hesabu isipotimia, wote wanatolewa majini. Nilimuuliza yule mama anayesimamia kuhusu nguo yako ndefu ya kujistiri, akanijibu kabla sijamaliza kwamba ruhusa ipo, mradi iwe ya kitambaa cha kuogelea. Soseji za Ijumaa si halali, utabeba zako. Wana fomu ya kuomba idhini ya kukupaka losheni ya jua, na nyingine ya dawa ya wadudu. Na jioni utakaguliwa kupe nyuma ya masikio na nyuma ya magoti. Kupe wa huku wanaambukiza ugonjwa mbaya, kwa hiyo usinikimbie nikirudia ukaguzi nyumbani.

Kuhusu maji sikutanii. Aprili 1994, kule Mombasa, kivuko cha Mtongwe kilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Nilikuwa mdogo, lakini mtaani kwetu kila njia ilikuwa na nyumba yenye matanga. Ndipo nilipotambua kwamba watu wanaweza kuzaliwa kando ya bahari, wakala samaki wake maisha yao yote, na wasijue kuogelea. Wewe unaishi katika jimbo ambalo hata nambari za magari zimeandikwa "maziwa 10,000". Roboti utajifunza hata ukiwa na miaka kumi na tano.

Babako nimeshamtuliza kwa hesabu. Kambi ya kutwa serikali inaihesabu kama malezi ya mtoto wakati wazazi wako kazini, kwa hiyo gharama yake, hadi dola 3,000 kwa mtoto mmoja, tunaweza kuiombea nafuu ya kodi. Kambi ya kulala huko huko haihesabiwi. Aliposikia hivyo alinyamaza.

Fomu iko juu ya friji. Alasiri unatakiwa uchague moja: mtumbwi au upinde na mishale. Weka alama kwa kalamu, si penseli, uandike na saizi ya fulana yako. Wanaitaka Ijumaa.

Mamako