Elastiki inayoruka: tujiandae kwa watoto wa Kadutu

Jambo wote. Jumamosi saa tatu asubuhi tuko Kadutu, mjini Bukavu, kuwaonyesha watoto mchezo wa elastiki inayoruka kutoka vidole viwili hadi vingine viwili. Watoto ni wa miaka 4 hadi 7. Kila mmoja alete elastiki mbili za rangi kali. Ya kahawia haionekani kwa mbali.

Vaa elastiki kwenye shahada na kidole cha kati, chini kabisa. Kiganja kikuelekee wewe. Ivute kwa mkono wa pili, kunja ngumi, ingiza ncha za vidole vyote vinne ndani ya elastiki. Watoto wanaona mgongo wa mkono tu. Fungua ghafla: inarukia kidole cha pete na cha mwisho.

Ikibana sana inakwama, ikilegea inaanguka. Aliyekaa ubavuni anaona siri, kwa hiyo wote wakae mbele, chini kwenye mikeka.

Usiharakishe! Mtoto apulize ngumi kwanza, halafu ufungue. Akiamini pumzi yake ndiyo imeirusha, atapiga kelele za furaha na wote watataka zamu.

Tafadhali, neno “uchawi” lisitajwe kabisa. Hapa kwetu watoto wanasingiziwa uchawi na kufukuzwa nyumbani. Tuseme “mchezo wa mikono”.

Mwishoni kusanyeni elastiki zote, wadogo wanazitia mdomoni.