Dadu ndani ya kichakataji si kamari

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu namna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi wa kompyuta, inavyokichagulia kichakataji usingizi wa kulala kinapokosa kazi, mwandishi amelitupa kwa sentensi moja wazo la kuchagua kwa kubahatisha, akaliita kamari. Hapo sikubaliani naye.

Tutazame bei ya usingizi wenyewe. Kwa vichakataji vya seva vya Intel, kizazi cha Skylake, jedwali lililomo ndani ya Linux linasema kuamka kutoka usingizi mwepesi, C1, huchukua mikrosekunde 2. Kutoka ule mzito, C6, ni 133, na haulipi mpaka kichakataji kilale angalau 600. Kikiamshwa kabla ya hapo, ni heri kingesinzia tu.

Nani ajue pakiti ya mtandao itabisha hodi lini? Menu, mojawapo ya kanuni za Linux za kuchagua usingizi, hutazama vipindi vinane vya usingizi vilivyopita, ikakisia. TEO, kanuni nyingine iliyoingia 2019, nayo hukisia kwa njia yake. Kerneli yenyewe huhesabu makosa hayo: usingizi uliokuwa mzito kupita kiasi, na uliokuwa mwepesi mno. Juzi usiku nilizifungua hesabu hizo kwenye laptopu yangu nikiwa navinjari. Kila nilipozisoma upya, zote mbili zilikuwa zimepanda.

Chukua dereva kwenye foleni: azime injini au aiache iungurume? Akingoja mpaka mafuta yaliyoungua yalingane na ya kuwasha upya, ndipo azime, gharama yake haizidi mara 2 ya aliyejua foleni itaisha lini. Hakuna kanuni isiyo na dadu iwezayo kuahidi nafuu zaidi ya hiyo. Akiuchagua muda wa kuzima kwa dadu iliyochongwa ipendelee kuchelewa kuliko kuwahi, wastani haupiti mara 1.58, foleni iwe na hila gani. Mwanasayansi wa kompyuta Anna Karlin na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1990. Kamari gani hiyo yenye dhamana?

Ugumu upo. Kichakataji kilichoingia C1 hakizami zaidi bila kuamshwa kwanza, na kukiamsha ni umeme. Ndiyo maana dadu irushwe kabla ya kulala, na mdundo wa saa ya kerneli, unaokiamsha kichakataji kila baada ya muda mfupi, uachwe uendelee, ukiokoe kikiangukia usingizi mwepesi kwa muda mrefu. Penye kazi ya mpangilio, kama kucheza video, makisio yatashinda. Mimi ningeanzia kwenye seva zenye wageni wasiotabirika, na namwomba mwandishi wenu aipime huko kwa mita ya umeme kabla hajaikataa.

Msomaji wenu,
Morogoro