Nyuki wasio na mzinga: Tanga wanataka kivuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye bustani wa Tanga, hasa wanaolalamika kwamba pasheni zao zinachanua vizuri lakini hazishiki matunda.

Ua la pasheni ya manjano, ile inayostawi huku pwani, hufunguka mchana na kufumba usiku huohuo. Halikubali chavua ya shina lake lenyewe. Linataka ya shina jingine lililotoka kwenye mbegu nyingine, kwa hiyo mwenye shina moja asimlaumu mdudu. Tena linataka mdudu mwenye mgongo mpana, wa kugusa vichwa vya chavua vinavyoning'inia juu yake. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi hiyo: huchota chavua akaondoka, na ua lisipate kitu. Anayeiweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti. Na ndiye huyohuyo tunayemzibia tundu kwa saruji na kumpulizia dawa ya mbu.

Huyo ni mmoja tu wa nyuki wanaoishi bila mzinga. Kila jike hujitafutia tundu lake, huweka donge la chavua iliyochanganywa na maji ya maua, hutaga yai moja juu yake, huziba, kisha huanza chumba kingine mbele ya kile. Mwiba anao, lakini hana asali ya kulinda wala kundi la kuita. Ukimbana mkononi atakuchoma. Ukimpisha hana habari nawe. Dume, lile linaloelea mbele ya uso wako kana kwamba linakukagua, halina mwiba kabisa. Majirani waelezwe hili mapema, maana neno "nyuki" huku kwetu humfanya mtu atafute moto.

Wanaotaka kuwajengea viota huchukua maelekezo kwenye intaneti, na mengi yameandikwa kwa nchi za baridi: weka kiota kwenye jua kamili, kielekee kusini. Ulaya ni sawa. Tanga ni kuwaoka watoto. Sisi tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, jua liko utosini, na mvua ya masika huja na upepo wa kusi. Kiota chetu kielekee kaskazini-mashariki, kipate jua la asubuhi hadi kama saa nne, kisha kivuli. Mahali pazuri ni ukutani chini ya upenu, kimo cha kifua cha mtu, kimefungwa imara kisiyumbe. Kama paa ni bati na liko karibu, weka kipande cha makuti katikati.

Kiota chenyewe ni fungu la mianzi myembamba au matete. Tundu la ndani liwe na upana wa milimita 4 hadi 10; changanya, kwani kila aina ya nyuki ina kipimo chake. Urefu uwe sentimita 15, na kata nyuma ya kifundo ili upande mmoja uwe umezibwa na mwanzi wenyewe. Tundu lililo wazi pande zote mbili nyuki hulikataa, na akilikubali, nyigu wa vimelea huingia kwa nyuma. Urefu nao una sababu: jike hutaga mayai ya majike ndani kabisa na ya madume karibu na mlango. Ukikata sentimita 6 utapata karibu madume matupu, na madume hayajengi. Mwanzi ukomae, ulowekwe majini wiki tatu, kisha ukaushwe kivulini, la sivyo bungua watautafuna kabla nyuki hajafika. Mirija ya plastiki usiguse. Haipitishi hewa, kwa unyevunyevu wa pwani, chavua huota ukungu na buu hufa akiwa ndani ya chakula chake.

Ukitumia kipande cha mbao ngumu, toboa kwa keekee ubavuni, si kwenye kichwa cha gogo, kwa kuwa kichwa hupasuka kikikauka. Usitokeze upande wa pili. Piga msasa midomo ya matundu: kibanzi kimoja kinatosha kuchana bawa. Mbao iliyopakwa dawa ya mchwa haifai.

Adui mkubwa ni majimoto na sisimizi. Kiota kikifungwa kwa waya, paka waya grisi na uirudishie kila inapokauka. Kikiwa ukutani, zungushia grisi kwenye mabano. Hakikisha hakuna tawi wala jani linalogusa, kwani majimoto hawahitaji daraja kubwa. Mjusi kafiri anayekaa mlangoni azuiwe kwa wavu mbele, wenye matundu ambayo nyuki mkubwa anapita.

Baada ya hapo tazama milango. Tundu lililozibwa kwa majani ni la nyuki mkata majani. Utamwona kwenye waridi au mbaazi akikata duara safi kwa sekunde chache, akalikunja chini ya tumbo na kuruka nalo. Chavua yake pia huibeba tumboni, si miguuni. Mwenye waridi asikasirike, mti haufi kwa vitobo vile. Udongo mlangoni mara nyingi ni nyigu, naye aachwe, kwa kuwa huwalisha watoto wake viwavi wa bustani yako.

Nyuki wengine hawataki mianzi. Yule mwenye mikanda ya buluu, anayeshika ua la biringanya na kulitikisa mpaka chavua imwagike kama chumvi kichupani, hukaa kwenye udongo. Kuta za zamani za fito na udongo zilimtosha; tofali za saruji zimemfukuza. Mpe sanduku lililojazwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, lilazwe ubavu, na vitundu vya milimita 8 vyenye kina cha sentimita 4. Kipimo ni ukucha: udongo ukiwa mkavu, ukiukwaruza pasitoke vumbi, ni mgumu mno. Saruji usitie hata kidogo. Acha pia mita moja ya ardhi tupu yenye mteremko, bila maji wala matandazo. Na mrehani uachwe uchanue, badala ya kukatwa vichwa wote.

Dawa za wadudu, ikibidi, zipigwe kulingana na ua. Kunde hufumba adhuhuri, basi piga jioni. Pasheni ikichanua mchana, jioni bado iko wazi. Hiyo usubiri alfajiri.

Kuhusu boriti: tundika chini ya upenu gogo kavu la mti mwepesi, unene wa sentimita 10 hadi 15, urefu wa mita moja, lisiguse ardhi kwa sababu ya mchwa. Mwanzishie nyuki tundu la milimita 12, kina cha sentimita 3. Mengine atamalizia mwenyewe. Boriti usiizibe wakati kuna nyuki ndani. Subiri mpaka tundu likae wiki kadhaa bila vumbi jipya la mbao chini yake, ndipo uzibe na kupaka rangi, kwani nyuki huyu huwa haipendi mbao iliyopakwa rangi.

Mkulima wa bustani,
Pongwe, Tanga