TAZARA ikifufuliwa, treni ya stesheni ndogo isiachwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wote wanaohusika na ufufuaji wa reli ya TAZARA, hapa Tanzania na kule Zambia. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele wa Mlimba, mkoani Morogoro. Wanangu wamesoma kwa mchele, na mchele huo umesafiri kwa reli hii tangu enzi za mama yangu, nikiwa binti wa kumsaidia kushona viroba.

Tangu uliposainiwa mkataba na kampuni ya CCECC ya China Septemba 2025, wa miaka 30 na uwekezaji wa dola bilioni 1.4, kila ninachosoma na kusikia redioni ni shaba. Shaba ya Zambia, shaba ya Kongo, bandari ya Dar es Salaam, ushindani na njia ya Lobito kule Angola. Sina ugomvi na shaba. Mzigo mzito ndio unaoilisha reli, hata sisi wa sokoni tunalijua hilo. Ninachouliza ni hiki: katika miaka hiyo 30, treni ya abiria inayosimama Mngeta, Chita, Mlimba na Uchindile imetengewa nafasi gani? Na isipopita, tumwulize nani?

Historia ya reli hii inasimuliwa sana kwa upande wa viongozi. Zambia ilikuwa imebanwa, maana njia zake za kwenda baharini zilipita kwa walowezi wa Rhodesia na kwa Wareno. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda wakabisha hodi kwa nchi za Magharibi, wakaambiwa reli hiyo haitalipa. China ikakubali kukopesha bila riba, na kuanzia 1970 hadi 1975 kilomita 1,860 zikatandikwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Yaliyotokea kwetu, katika bonde la Kilombero, husimuliwa mara chache. Serikali iliwahamisha watu ikawapanga katika vijiji kandokando ya reli, ili pamoja na mengine waisaidie kuilinda, kwa kuwa hofu ya hujuma ilikuwa kubwa. Wazazi wangu waliacha mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Baba alikuwa mgambo, akikesha zamu kwenye daraja wakati wa mvua. Hakuna aliyemuuliza kama kazi hiyo inalipa. Hiyo ndiyo sababu naona treni ya abiria ni deni la nchi hizi mbili kwa vijiji vile, na deni huandikwa: mara ngapi kwa wiki, stesheni zipi, kwa muda gani.

Wasiofika kwetu huenda wakasema siku hizi kuna mabasi. Watazame ramani. Barabara kuu ya kwenda Zambia imepita Mikumi na Iringa, na reli inakutana nayo Makambako. Huku Kilombero reli imeshika njia yake peke yake. Lami imefika Ifakara, tunashukuru, lakini kutoka hapo kuja Mlimba masika ikikolea tope linafika kwenye ekseli. Masika mojawapo kondakta wa basi alinitoza kila gunia nauli ya mtu mzima, na bado tulishuka njiani kulisukuma hilo basi, mizigo ikilowa juu ya keria. Mchele uliolowa haupeleki mtu sokoni. Unaanika, unapepeta, unauza kwa bei ya chenga.

Treni fupi ya kwetu, ile tuliyozoea kuiita kipisi, iliyokuwa ikienda kati ya Kidatu na Makambako, ndiyo iliyojenga soko la bonde hili. Nani alipanga soko hilo? Wanawake wenyewe. Ikisimama Chita wanapanda wenye ndizi na kuku, Mlimba tunapandisha mchele, mmoja yuko chini anasukuma kiroba dirishani, mwenzake yuko ndani anakipokea na kukiingiza chini ya benchi la daraja la tatu. Ukitoka Mlimba reli inaanza kupanda mlima, na mahandaki mengi ya reli nzima yako kwenye kipande hicho. Behewa linaingia giza, watoto wanashika kanga za mama zao, mwanga unarudi, giza tena. Joto la bondeni linabaki nyuma, na Makambako unashuka umejifunika vitenge viwili. Huko unauza mchele kwa sado, unanunua viazi mviringo, unarudi navyo. Viazi vilivyoliwa Mlimba miaka yote hiyo vilishuka na treni, na karo za shule zilishuka navyo.

Sasa nije mpakani, kwa sababu huko ndiko naona nafasi kubwa inapotea. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka. Wanyamwanga wako pande zote mbili, wanaoana, wanazikana. Kiswahili kinatosha kabisa kununua na kuuza Nakonde. Mchele wetu unapendwa na Wazambia, na mimi nikiwa kule hununua maharage na karanga. Ukiwa ndani ya treni, afisa wa uhamiaji anapita behewa kwa behewa, unatoa hati yako umekaa, anagonga mhuri, anaendelea kwa jirani yako. Vijana wa kubadilisha fedha nao wanapita na mabunda ya kwacha, na unarudisha saa yako nyuma saa moja, basi umeingia nchi nyingine na mzigo wako haujaguswa.

Kwa barabara mambo ni tofauti. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa 2019 kimesaidia, nakiri, lakini kimejengwa kwa macho ya malori. Mwanamke mwenye viroba vitatu anashuka, anatafuta mkokoteni, anapanga foleni, anatafuta mkokoteni mwingine ng'ambo. Kila mkono uliogusa kiroba umekula faida yake.

Kwa hiyo ombi langu ni treni ya karibu inayovuka mpaka. Treni ya kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi iwepo, ina watu wake. Lakini muuza mchele haendi Kapiri Mposhi. Anahitaji treni ya mabehewa machache kutoka Mlimba au Makambako, ipite Chimala, Igurusi, Mbeya na Vwawa, ivuke Tunduma, ifike Nakonde na ikiwezekana Kasama, ilale huko na kurudi kesho yake. Ifungwe na behewa moja la mizigo midogo, lenye mizani stesheni na bei ya kilo iliyobandikwa ukutani, mtu apewe risiti yake. Nina hakika mizigo yetu wanawake ikipimwa kwa pamoja itawashangaza wanaosema abiria hawalipi, kwa kuwa sasa inahesabiwa kama vifurushi vya mkononi.

Najua nitaambiwa mwekezaji hawezi kulazimishwa kuendesha treni ya hasara. Sawa. Reli hii ni ya nchi mbili, nusu kwa nusu, na mbia wa China ataiendesha, hainunui. Kama nauli ya mama wa Uchindile haitoshi gharama, Dodoma na Lusaka zichangie kinachopungua, kama zinavyochangia barabara ambazo hakuna anayedai zirudishe faida. Gharama hiyo ijulikane, bunge la kila nchi liipitishe kila mwaka, na sisi tujue nani kaamua nini.

Kabla ratiba mpya haijapangwa, wanaoipanga waje Mlimba wakae nasi, hata kama ni kwa saa mbili, tuwaeleze mzigo unatoka siku gani na msimu gani. Mavuno yetu yanaanza Mei, na treni ya Januari haitusaidii kama ya Juni. Waje pia na watu wa uhamiaji na forodha wa pande zote mbili, kwa kuwa swali la kiasi gani cha mchele mtu anaruhusiwa kuvuka nacho ndani ya behewa ni lao, na tumechoka kupewa jibu tofauti kila afisa anapobadilika.

Ni mimi,
Mfanyabiashara wa mchele,
Mlimba, Morogoro