Wazee warekodiwe Makumbusho ya Azimio

Mhariri, shikamoo. Mi nakaa Kaloleni hapa Arusha, kutoka kwangu mpaka Makumbusho ya Azimio la Arusha natembea tu. Jengo lile ndo TANU, chama tawala kipindi kile, walikaa Januari 1967 wakapitisha Azimio la ujamaa na kujitegemea, Februari 5 likatangazwa, hayo tumekariri wote shuleni. Picha za viongozi zibaki, sina shida nazo, ila naomba na watu wa kawaida wasikike mle ndani. Mwaka ule vijana walitembea kwa miguu kutoka huku kuelekea Dar kuunga mkono Azimio, mwenzao Seti Benjamin akafia njiani, sasa waliokuwa vijana kipindi kile kama wapo ni wazee wa miaka 70 na kitu, nani amewauliza walikula nini, walilala wapi, miguu ilivimba vipi? Hata wale waliobaki nyumbani wana yao ya kusema (na wengine hawakulipenda Azimio, nao wasikilizwe). Simu ya kawaida tu inarekodi, wanafunzi wa sekondari wapewe kazi hiyo likizo ya Juni, waanze na babu na bibi zao.

Mkazi wa Kaloleni, Arusha