Salamu za Idi kwa Watu wa Pemba, Waliopo Nyumbani na Walio Mbali

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya familia yangu, nachukua nafasi hii kuwapa mkono wa Idi wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani, kuanzia Micheweni hadi Mkoani, pamoja na wale wote ambao riziki imewapeleka Unguja, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwezi mtukufu tukiwa hai. Tunamwomba atutakabalie saumu zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awape shifaa walio wagonjwa, na awarehemu waliotutangulia mbele ya haki.

Haikuwa Ramadhani nyepesi. Mpunga tunaulima mabondeni, lakini hautoshi kutulisha mwaka mzima, na kwa hiyo mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kula vyote hutujia kwa chombo. Kila gharama inayoongezeka njiani na bandarini huishia mabegani mwa mtu anayenunua kilo moja katika duka la Konde au Kengeja. Nyumba nyingi zimefuturu muhogo wa chumvi usiku baada ya usiku, na wenyewe hawakumlalamikia mtu. Wapo wazazi walioamka leo wakiwa hawana nguo mpya ya kumvisha mtoto, na jambo hilo humuuma mzazi kuliko njaa yake mwenyewe. Nawaombeni, mtoto atakayekuja kwenye viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi na nguo ya mwaka jana apewe pesa ya sikukuu sawasawa na mwenziwe, na asiulizwe chochote. Aliyejaaliwa asiishie kwenye ile pishi ya zaka ya fitri aliyoitoa kabla ya sala, kwa sababu pishi ile ni wajibu, na jirani bado atakuwa na njaa siku ya Idi nne.

Kwangu mimi hii ni Idi ya kwanza bila mama. Alifariki katika mwezi wa Rajabu, na waliokuja kutufariji ni wengi mno kiasi kwamba siwezi kuwataja. Mungu awalipe kheri. Mama alikuwa mchambuaji wa karafuu tangu utotoni. Alikikamata kichala, akakipigisha kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukisukuma kwa kidole gumba, karafuu zikaanguka upande huu na makonyo upande ule, huku akizungumza na wageni bila ya kutazama mikono yake. Shamba lake lilikuwa katika zile eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi, na mikarafuu iliyomo ni mikongwe, mingine imekauka kuanzia kileleni. Masika ya mwaka jana, pumzi zikiwa zimeshampungua, alipanda miche mipya chini ya migomba na kuizungushia makuti ili jua lisiichome. Kila mtu anajua kwamba mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa. Jirani mmoja alimuuliza ataichuma lini. Alimjibu, "Hata niliyoichuma sikuipanda mimi."

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa sababu ndiyo historia ya kisiwa chetu. Watu walikuwapo Pemba mamia ya miaka kabla ya karafuu, na magofu ya Ras Mkumbuu na ya Pujini yanatosha kuwa ushahidi, lakini maisha tunayoyajua sisi yamejengwa na mti mmoja ambao asili yake si hapa. Mkarafuu umetoka visiwa vya Maluku, ukafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kupitia visiwa vilivyokuwa chini ya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Unguja ndiyo iliyotangulia kuwa na mashamba makubwa. Kisha mwezi wa Aprili 1872 kikapiga kimbunga kilichoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, ambayo haikupata madhara kama yale, ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi kuliko ndugu yake hadi leo. Tusisahau pia ni mikono ya nani iliyofyeka vilima hivi na kuchimba mashimo ya miche ile ya mwanzo. Wengi wao walikuwa watumwa, walioletwa kutoka bara kwa nguvu, na utumwa haukuondolewa kisheria katika nchi yetu hadi mwaka 1897. Hawakuambulia kitu katika bei ya karafuu. Sisi tuliosomeshwa, tuliooa na tuliojenga kwa fedha za karafuu tunaishi kwa jasho la watu ambao hata majina yao hatukuachiwa, na katika dua zetu za leo wanastahiki kutajwa pamoja na wazee wetu.

Sasa tujiulize tunawaachia nini watakaokuja. Mkarafuu hufa, hata ukiishi miaka mingi kuliko mwanadamu, na katika mashamba mengi ukifa mmoja hupasuliwa kuni na mahali pake huachwa wazi. Wengine hukata matawi ili kurahisisha kuchuma, na tawi lililokatwa halitazaa msimu ujao. Wapo wanaozianika karafuu kandokando ya barabara, juu ya vumbi, zikapoteza daraja, halafu wakalalamikia bei. Na vijana wetu wanapanda miti ile mirefu bila ya kujifunga kamba, hali ya kuwa sote tunaufahamu udhaifu wa tawi la mkarafuu na tunawajua waliovunjika viuno kwa kuanguka. Mambo haya hayahitaji kusubiri serikali wala mfadhili, kwa sababu yamo mikononi mwetu wenyewe.

Idi ya mwaka huu imeangukia mwanzoni mwa masika, na masika ndiyo wakati wa kupanda. Miche ya mikarafuu imekuwa ikigawiwa bure kwa wakulima, na asiyeipata anaweza kuiotesha mwenyewe kwa mbegu mbivu chini ya kivuli. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala kutokana nao ndege, mtu au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Ndugu zangu, ni nani asiyetaka sadaka inayoendelea kuingia wakati yeye mwenyewe yumo kaburini? Wewe uliyekuja kutoka Dar es Salaam au Mombasa kwa siku nne za sikukuu, kabla ya kurudi mjini, nenda shamba la wazee wako, safisha chini ya miti, na panda japo mche mmoja pale palipo wazi. Mkabidhi mtoto wa nyumba aumwagilie maji kiangazi kikiingia, na umpigie simu kumuuliza habari zake.

Atakayesema kuwa kilichokwisha hakirudi, na aende Kidike. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote pengine duniani, alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Wanakijiji wa Kidike walikubaliana kumlinda, vijiji vingine navyo vikamhifadhi, na leo popo hao wanahesabiwa kwa maelfu. Hao ni watu wa kawaida, wenye shida kama zetu, waliojizuia kitoweo kwa ajili ya jambo kubwa zaidi.

La mwisho ni safari. Kati yetu na Unguja pana bahari, na kati yetu na bara pana mkondo wenye kina kikubwa. Hatujasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikiwa njiani kuja Pemba, na mamia ya watu wetu wakapotea. Zipo nyumba ambazo hadi leo hazina kaburi la kulizuru. Basi mtakaporudi, msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama kazini mnangojwa asubuhi. Mwenye mtoto amshike mkono, na mwenye mzee ampishe akae.

Nawatakieni nyote Idi njema, yenye amani, afya na baraka. Mniombee dua kwa mama yangu, nami nitawaombea wenu. Taqabbala Allahu minna wa minkum, kulla aam wa antum bikhayr.

Ndugu yenu katika Uislamu na katika kisiwa.